Bega Zima Kwanza

4 Februari

Mwanangu, kifungua mimba wangu,

Salamu zako tulizipata na sisi huku tu wazima. Mama yako anashona mashuka ya wodi kama kawaida na analalamikia uzi. Mimi niko kazini. Kituo chetu cha afya kimepakwa rangi mpya, kijani fulani kisichopendwa na mtu, na nimemwambia seremala ashushe rafu ya mafaili hadi usawa wa kiuno. Imekuwa nzuri zaidi, sijui kwa nini hatukufanya hivyo miaka yote.

Anayekuletea barua hii ni fundi dari. Umri wake arobaini na minane, bega la kulia. Alinijia mwezi wa tisa akisema linamuuma anapopigilia mbao juu. Nilimpima kama nilivyokufundisha wewe ukiwa bado na sketi ya shule, umekaa kwenye kigoda pale pembeni ya kitanda: macho kwanza, halafu kiganja, halafu nguvu, na siku zote bega zima kwanza, ili ujue uzima wa mtu huyo ukoje kabla hujautafuta ugonjwa wake. Akiinua mkono kwa ubavuni, maumivu yanaanza kabla ya usawa wa bega na yanapungua akishapita. Nguvu kamili. Kano imebanwa chini ya mfupa, basi. Nilimpa mazoezi ya kamba na kumkataza dari.

Miezi mitano sasa na bado ananung'unika. Nadhani mazoezi hafanyi. Mtulize, mwonyeshe hiyo mashine yenu ya picha hapo hospitali kwa kuwa watu wa siku hizi hawaamini mpaka waone kioo, kisha umrudishe kwangu. Barua rasmi ya rufaa imo humu humu.

Usiniulize tena kuhusu simu. Kwenye simu mtu anakuuliza hujambo huku anavuka barabara.

Baba yako

*

11 Februari

Baba, shikamoo.

Fundi dari amefika salama, na kofia yake na maneno yake. Kabla hata sijamwuliza jina la ugonjwa akaniambia, "Dada, mzee amenifanyisha kamba mpaka kamba imechakaa, mimi sijachakaa." Nikamwambia anionyeshe mazoezi. Alionyesha yote kumi na mawili kwa mpangilio, bila kukosea hata moja. Huyu anafanya, Baba.

Nilimpima kwa utaratibu wako. Alivua shati, nikamtazama mgongo kwanza. Juu ya mfupa wa kombe upande wa kulia nyama imepungua, unaona kabisa. Bega zima, halafu la kulia. Kisha nikauinua mkono wake mimi mwenyewe kwa ubavuni hadi juu, nikamwambia aushushe polepole. Ulipofika usawa wa bega ukaanguka. Nikarudia, ukaanguka tena, naye akaucheka kwa aibu kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine. Nikaweka kiwiko chake ubavuni, nikaupeleka mkono nje mpaka mwisho, nikamwambia aushikilie hapo hapo, nikauachia. Ukarudi tumboni peke yake kama mlango usio na komeo.

Hii si kano iliyobanwa, imechanika. Nilimpeleka kwenye mashine baadaye, na mashine imesema hivyo hivyo. Daktari bingwa wetu atamfanyia upasuaji mwezi ujao. Anasema kano imejivuta nyuma kwa sababu imekaa muda mrefu bila kutibiwa, na kwamba kama angeletwa mapema kazi ingekuwa nyepesi. Hajamwahidi fundi kwamba atarudi darini.

Naomba nikuulize bila kukukosea adabu. Siku ile ulipompima, nguvu uliikuta kamili kweli? Au inawezekana ilichanika baadaye?

Msalimie Mama. Mwambie uzi mzuri uko huku, nitamtumia.

Binti yako

*

20 Februari

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara moja, inatosha.

Nguvu niliikuta kamili. Nimeandika kamili kwa sababu ilikuwa kamili. Mwanaume amekaa kwenye basi kwa muda wa saa saba na begi begani, nani ajuaye kilichochanika njiani.

Miaka thelathini na sita nimepima mabega ya watu wa mji huu. Wabeba mizigo, wapaka rangi, walimu, wanawake wanaokanda unga wa mkate tangu alfajiri. Wananiita Mzee Bega sokoni, na sijajipa jina hilo mwenyewe. Kabla ya hiyo mashine yenu kununuliwa, huyo daktari bingwa wenu alikuwa anasubiri barua zangu ili ajue apasue wapi. Mwulize.

Mvua imeanza. Uzi wa mama yako mtumie na mtu anayeaminika, uliopita ulifika umelowa.

Baba

*

9 Machi

Baba, shikamoo.

Nimekaa na barua hii siku nne. Nimeiandika mara tatu na mara zote inatoka kali, kwa hiyo nakutumia ilivyo.

Baada ya fundi dari, wamekuja wawili wengine na barua zako. Mpishi wa bweni, na yule dereva wa lori mwenye shingo nene. Wote umeandika kano imebanwa, wote umeandika nguvu kamili. Mpishi kweli imebanwa tu, nimempima na anaendelea vizuri. Dereva imechanika. Mkono wake unaanguka, Baba, hauhitaji mashine, hata mfagizi aliyekuwa anapita mlangoni aliona.

Nikaenda chumba cha kumbukumbu, nikaomba barua zako zote za rufaa za miaka kumi. Walinicheka, ni mafungu manne. Za zamani nazijua hata nikifumba macho: mistari saba kila moja, mwandiko ule ule, bega zima kwanza. Mstari wa tano, mkono ukiinuliwa na mpimaji na kushushwa polepole. Mstari wa sita, mkono ukipelekwa nje na kuachiwa. Tangu mwezi wa saba mwaka jana mistari yako ni mitano. Wa tano na wa sita umeiacha kwa kila mgonjwa, bila hata mmoja kusalia. Hiyo ndiyo mistari inayotofautisha iliyobanwa na iliyochanika. Wewe ndiwe uliyeniambia hivyo.

Umechoka kazi, Baba? Kama umechoka, sema. Hakuna atakayekulaumu kwa kuchoka. Ila kupima nusu na kuandika kamili, hapana.

Na kuna jambo jingine, ni bora nikuambie mwenyewe. Daktari bingwa aliniuliza juzi mbele ya wenzangu, "Huyu mtabibu anayeandika nguvu kamili ni nani?" Nikasema simfahamu vizuri. Nilikuwa na aibu yako, kisha nikawa na aibu yangu, na hii ya pili ndiyo inayonisumbua mpaka sasa.

Binti yako

*

18 Machi

Mwanangu mwenyewe,

Baba yako hajui kwamba naandika. Barua hii ameichukua jirani yetu anayekuja huko kumwona mjukuu. Uzi umefika, mkavu, asante.

Barua yako aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka mfukoni, chakula hakugusa. Nilipofua koti niliisoma na mimi. Mwanangu, umesema ukweli mwingi, lakini neno moja umekosea. Baba yako hajachoka kazi. Angekuwa amechoka ningekuwa naye nyumbani, nakwambia mimi.

Aliniapisha nisiseme. Sasa nasema, na kama ni dhambi nitaibeba, maana mabega yangu ni mazima.

Mwezi wa sita mwaka jana, bibi mmoja mnene alitaka kuanguka kutoka kitanda cha kupimia. Baba yako akamdaka kwa mkono wa kulia. Bibi hakuumia hata kucha. Yeye alirudi nyumbani kimya, na tangu siku hiyo anavaa shati mkono wa kulia kwanza, ule unaouma, kama anavyowafundisha wagonjwa wake. Alidhani sioni. Nimeolewa naye miaka thelathini na nane, shati lake mimi ndiye ninayepiga pasi.

Analala kwenye kiti. Anasema ni kwa sababu ya kukohoa, na hakohoi. Kioo cha kunyolea amekishusha, msumari wa kutundikia koti ameushusha, na kule kazini rafu ameishusha. Kila kitu ndani ya nyumba hii kimeshuka, tutabaki sisi tunatembea kwa magoti. Sasa hivi kila kitu anafanya kwa mkono wa kushoto, na nao nauona unaanza kumsumbua. Nikimpaka mafuta mgongoni naona vishimo viwili nyuma ya mabega, kulia na kushoto. Nilifikiri ni uzee.

Usimwite mvivu tena. Na usimwambie ni mimi niliyesema.

Mama yako

*

25 Machi

Baba, shikamoo.

Kwanza nakuomba radhi kwa neno nililoandika. Halikuwa neno la mtoto kwa mzazi, wala la mwanafunzi kwa mwalimu wake.

Nimezirudia barua zako usiku na mchana, na leo nilipokuwa nampima mama mmoja nimeelewa. Nilikuwa nimeuinua mkono wake juu kabisa, na bega langu mwenyewe likanivuta, kwa kuwa nilibeba ndoo jana. Mstari wa tano unamtaka mpimaji ainue mkono wake mwenyewe kupita bega. Wa sita unamtaka ausukume mkono wa mgonjwa nje na kuushikilia. Yote miwili uliyoiacha ni ile inayoliumiza bega la mpimaji. Na ule mstari wa nguvu, pale mgonjwa ananyoosha mikono mbele na wewe unakandamiza kwa juu: wewe ni mfupi, Baba, samahani, na wagonjwa unawapima wamesimama. Mikono yako inakuwa usawa wa bega lako. Mahali pale pale panapouma.

Kwa hiyo ulikandamiza kidogo, mgonjwa akakushinda, ukaandika kamili. Sidhani kama ulidanganya. Ulisikia nguvu kamili kwa sababu yako ilikuwa imepungua.

Nina mgonjwa ambaye simwoni. Mwanamume, miaka sitini na mitatu, mtabibu. Nakuomba unipimie. Mwambie avue shati.

Daktari bingwa leo nimemwambia kwamba wewe ni baba yangu. Akasema zamani alikuwa anasoma barua zako kabla ya chai.

Binti yako

*

2 Aprili

Mwanangu,

Radhi nimekupa. Mama yako ana uso wa mtu aliyeandika barua, lakini simwulizi, maana akianza kujibu hatutalala.

Ni kweli bega la kulia linanisumbua kidogo tangu mwaka jana. Nilimdaka mgonjwa. Sikukuambia kwa sababu ungetaka nije huko, na nikija huko nani atabaki hapa? Muuguzi wetu ni mzuri lakini mabega hajayazoea. Tena, mtabibu wa mabega mwenye bega bovu, watu wangecheka mpaka sokoni.

Lakini mimi si mtu wa kusema bila kupima. Jumamosi, kituo kilipofungwa, nilijipima. Kuna ile mizani ya kuning'iniza watoto kwenye kliniki. Niliifunga kwenye nondo ya dirisha, nikaweka kiwiko ubavuni, nikavuta kwenda nje. Kanuni ni kanuni, nikaanza na bega zima. La kushoto kilo nne na nusu. La kulia kilo nne. Nikarudia mara tatu, hali ni hiyo hiyo. Tofauti ya nusu kilo, na mimi ni mtu wa kulia niliyeumia kulia. Kwa hiyo mabega yangu yanalingana, nguvu ipo, kano imebanwa kidogo tu, na fundi dari alichanika baadaye kama nilivyosema.

Huo ndio upimaji, na ninaufunga hapo. Kamba ya mazoezi nimekata yangu, nafanya asubuhi na jioni. Mama yako anasema nafanana na mtu anayekamua ng'ombe asiyeonekana.

Baba

*

7 Aprili

Baba, shikamoo.

Yanalingana, sawa. Yanalingana na nini?

Mwite Mama. Mpe mizani hiyo hiyo, dirisha hilo hilo, kiwiko ubavuni, avute.

Kisha umruhusu akupime. Mama, hii sehemu ni yako, na usimsikilize akianza kukuelekeza. Akae kwenye kigoda bila shati. Simama nyuma yake. Kamata mkono wa kushoto, uinue kwa ubavuni hadi juu kadiri unavyokwenda bila kumlazimisha, mwambie aushushe polepole kama anaweka yai mezani. Tazama kama unaanguka na unaangukia wapi. Fanya hivyo hivyo kulia. Baada ya hapo, kiwiko kiwe ubavuni, mkono upeleke nje pole pole mpaka unagoma, mwambie aushikilie hapo, uachie. Tazama kama unabaki au unarudi. Usimwulize kama inauma, atasema hapana. Niandikie ulichoona tu.

Binti yenu

*

15 Aprili

Mwanangu,

Nilivuta mara moja. Mshale ukaenda kwenye tisa. Nikadhani nimeharibu mizani ya watoto, nikavuta tena, tisa. Mimi mwenye miaka hamsini na tisa, ambaye kitu kizito ninachobeba ni fungu la mashuka.

Nikageuka kumcheka. Alikuwa anautazama mshale. Sikucheka tena.

Akakaa kwenye kigoda. Ni kile kile chako, kimefungwa waya mguuni. Nikasimama nyuma yake na barua yako nikaiweka juu ya rafu, ile iliyoshushwa, kwa hiyo ilinibidi niiname kusoma. Mkono wa kushoto niliuinua ukafika karibu na sikio. Nikamwambia weka yai. Akaushusha vizuri mpaka usawa wa bega, hapo ukatikisika, kisha ukashuka ghafla kidogo, akaukamata. Wa kulia niliuinua, nikauachia, ukaanguka wote mpaka pajani. Sikuwa nimejiandaa. Miaka yote hii sijawahi kuuona mkono wake ukifanya jambo ambalo hakuuambia.

Kisha ule mwingine, wa kwenda nje. Wa kulia ulirudi tumboni. Wa kushoto nao ulirudi, polepole zaidi, ila ulirudi.

Nikaona machozi yananitoka, nikafuta kwa bega la gauni langu ili asijue. Yeye akasema, "Umeona nini? Andika." Nikamwambia nimeona unarudi. Akauliza, "Ule wa kushoto pia?" Nikamwambia pia. Akasema, "Basi sikuwa na bega zima," na akakaa pale pale bila shati muda mrefu mpaka nikamfunika kwa shuka la wodi.

Baadaye aliomba nimteremshie daftari la wagonjwa. Nikamwambia liko chini, ulilishusha mwenyewe. Akatabasamu kidogo. Anaandika majina mpaka sasa, mezani. Nitamwita ale.

Mama yako

*

22 Aprili

Mwanangu,

Ninakuandikia nikiwa na daftari mbele yangu.

Tangu mwezi wa saba mwaka jana nimepima mabega ya watu thelathini na mmoja. Niliwalinganisha wote na mkono uliokuwa mbovu kuliko yao. Nimewaandikia kila mmoja barua ya kumwita arudi, kwa mkono wangu, mistari michache: nilikupima nikiwa mgonjwa, naomba upimwe tena. Muuguzi alishauri tuandike kwamba ni utaratibu mpya wa kituo. Nilikataa. Wameshafika kumi na tisa. Muuguzi anapima, mimi nasimama pembeni mikono mfukoni na kumwelekeza. Ana mikono mizuri yule binti, nilikuwa sijampa nafasi ya kuionyesha. Tumepata wanne ambao mkono unaanguka. Wanne, mwanangu. Mmoja ni yule mwalimu aliyekufundisha kusoma, nilikuwa nimempa mazoezi ya kamba na kumwambia aache kulalamika. Utawaona wiki hii, na barua zao zina mistari saba.

Jana alikuja fundi dari. Mkono uko kwenye kitambaa, shingoni, na amenenepa kwa kukaa bure. Nilimwomba akae. Nilimwambia, "Siku ile nilisema una nguvu kamili na kwamba mazoezi hufanyi. Kosa lilikuwa langu, bega langu lilikuwa limechanika na sikujua, na nilipojua kwamba linauma nikaficha. Miezi mitano yako nimeipoteza mimi." Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Nilikuwa naogopa, nakuambia ukweli, kuliko siku niliyokwenda kuomba kumwoa mama yako.

Alikuwa anatazama nyuma yangu. Kisha akasema, "Mzee, hiyo rafu nani aliishusha? Imepinda." Akainuka, akaipima kwa jicho, akasema, "Nikipona mkono mimi, na ukipona wewe, naja kuirudisha juu." Akakaa tena. Baadaye kidogo akaniambia, "Ila ule muda nilikuwa nasema kweli, na hukunisikia." Nikamwambia ndiyo. Alipoondoka alinipa mkono wake mzima.

Bingwa hajui bado kama ataweza tena kazi za juu. Najua unajua. Naandika tu ili iwe imeandikwa na mimi pia.

Nimeambatanisha rufaa moja zaidi. Nimeiandika mwenyewe, mama yako amehakiki.

Baba

*

22 Aprili

BARUA YA RUFAA

Kwa: Kitengo cha Viungo

Mgonjwa: Mwanamume, miaka 63. Kazi yake ni kupima mabega ya watu.

1. Kwa macho: vishimo nyuma ya mabega yote mawili. Mke aliviona kabla ya mtabibu.

2. Kwa kiganja: panauma mbele na juu ya bega la kulia. Kushoto anasema hapaumi. Asiaminiwe.

3. Akiinua mwenyewe: kulia hafiki usawa wa bega bila kuinamisha mwili. Amekuwa akiinamisha mwili miezi tisa na kuuita uchovu.

4. Nguvu: si kamili. Kulia kilo nne, kushoto nne na nusu. Mke wake, tisa.

5. Mkono ukiinuliwa na mpimaji na kushushwa polepole: wa kulia unaanguka. Wa kushoto unaanguka kidogo.

6. Mkono ukipelekwa nje na kuachiwa: unarudi, kulia na kushoto.

7. Maoni: kano za bega la kulia zimechanika. Za kushoto huenda zimechanika pia, taratibu, kwa kazi na umri, bila siku maalumu. Mgonjwa alichelewa kuja kwa sababu ya kiburi, na pia kwa sababu alipenda kazi yake. Naomba apimwe kwa mikono kwanza, mashine ifuate.

Uhusiano na mpokeaji: baba yake.

Mwanangu, tunakuja Jumatatu na basi la asubuhi. Mkoba atabeba mama yako. Najua utanisimamisha mbele yako na kutafuta pa kuanzia, na utakumbuka nilivyokufundisha, na utasita. Usisite. Hakuna zima safari hii, anza na lolote.

Mtabibu wa kituo, ambaye ndiye mgonjwa